Chumba Kilichopendeza Mno

Asubuhi, katika chumba kimoja cha kupanga, kila mtu alimpisha mwenzake. Ili Baba apite kwenda kazini, watoto wanne walipanda kitandani. Ili Mama asogeze cherehani dirishani, Baba alitoka nje. Na Bibi, mama yake Baba, alipotaka kubadili nguo, wote walitoka. Hata mvua ikinyesha, walitoka.

Baba alichomelea vyuma. Mama alishona sare za shule. Hawakuwa wavivu, lakini kipato chao hakikutosha kupanga nyumba kubwa zaidi.

"Nitarudi kukaa peke yangu," Bibi alianza kusema. "Nawabana."

"Mama, usiseme hivyo," Baba alijibu. Moyo wake uliuma. Bibi hakuona vizuri tena. Angeishije peke yake?

Kisha serikali ikajenga nyumba za gharama nafuu mwisho wa mtaa. Familia ikaomba nyumba. Wakaambiwa mkaguzi atakuja Jumamosi kuona wanavyoishi.

"Mgeni anakuja!" Mama alisema. "Hawezi kutukuta hivi."

Basi kazi ikaanza. Magodoro ya watoto yakapelekwa kwa jirani. Cherehani pia. Watoto na Bibi wakapelekwa kwa shangazi. Kochi na zulia vikaazimwa kwa jirani huyo. Chumba kiling'aa hata Baba mwenyewe akavua viatu mlangoni.

Mkaguzi alikuwa mama mpole. Alikaa kwenye kochi akatazama huku na huku.

"Mnabanana hapa?" aliuliza.

"Aa, hatujambo kabisa," Mama alijibu. "Hatuna shida."

"Watoto na bibi wanalala wapi?"

"Hawakosi pa kulala," Baba alisema, akacheka kwa adabu.

Mkaguzi alishukuru, akaondoka. Baada ya siku chache jibu likaja kwenye simu ya Baba. Ombi lao lilikuwa limekataliwa. Mkaguzi aliona nafasi inawatosha.

Bibi alianza kukunja nguo zake.

Jioni hiyo jirani alikuja kuchukua kochi lake. Yeye alikuwa katibu wa kamati ya wapangaji. Aliposikia habari, alishika kiuno.

"Kumbe kochi langu ndilo lililowaponza! Mlidhani mkaguzi anakuja kuposa?"

"Tuliona aibu, dada," Mama alisema.

"Mficha uchi hazai. Haya, niambieni, nyumba zile zinajengwa kwa pesa ya nani?"

"Ya serikali," Baba alijibu.

"Na serikali imeipata wapi? Ukinunua sabuni, unalipa kodi. Mkeo akinunua uzi, analipa kodi. Pesa hiyo ni yetu sote. Ndiyo maana pango la nyumba zile litakuwa dogo, mtu alipe kulingana na kipato chake. Lakini nyumba hazitoshi kila mtu. Wanaanza na wenye shida zaidi. Sasa ninyi shida mmeificha kwangu!"

Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

"Labda tumtafute mtu wa ndani," Baba alisema kwa sauti ndogo. "Tumpe kitu kidogo."

"Thubutu! Ukihonga, unamnyang'anya mwenye shida kuliko wewe. Kukata rufaa ni haki yako, na ni bure. Nendeni ofisini mkaseme ukweli."

Kesho yake walikwenda. Mama alieleza yote, kochi na zulia, mpaka karani akaziba mdomo asicheke. Wakaambiwa wangoje ukaguzi wa pili.

Mkaguzi alirudi asubuhi moja bila kutoa taarifa. Alifunguliwa mlango, akakwama. Mbele yake kulikuwa na godoro. Juu ya godoro, watoto. Nyuma ya watoto, cherehani.

"Karibu, mwanangu," Bibi aliita kutoka nyuma ya pazia. "Ila sijui utakanyaga wapi."

Mkaguzi alicheka hadi akashika ukuta. "Leo ndiyo nimefika kwenu!" alisema.

Safari hii ombi lao likakubaliwa. Siku ya kuhama, mtaa mzima ulibeba vitu. Jirani alibeba cherehani kichwani akiimba. Watoto walikimbia kutoka chumba hadi chumba, wakipigana vikumbo kwa furaha. Nyumba ilikuwa na chumba cha wazazi, chumba cha watoto na chumba cha Bibi. Baba alisimama sebuleni akicheka peke yake.

Mama alimpelekea Bibi chai. Alisukuma mlango akaingia.

"Wewe!" Bibi alisema. "Hodi iko wapi?"

Mama alirudi nje, akafunga mlango. Akabisha.

"Hodi, mama."

Bibi aliketi vizuri kitandani. Alitaka kuisikia tena.

"Hodi, mama."

"Karibu," Bibi alisema. "Karibu chumbani kwangu."