Sailensi ya Gari la Uzazi

Gari la uzazi lilisimama kwenye mteremko wa Kihesa, likashusha miguu yake minne ya chuma hadi sakafu ikawa sawa kama meza, kisha ubavu wake ukafunguka na kutoa chumba kizima: kitanda, taa isiyotupa kivuli, kisanduku cha joto, na kivutakamasi, mashine ndogo inayosafisha njia ya hewa ya mtoto anapozaliwa. Iringa ya miaka hiyo ilikuwa imeacha kubeba wajawazito kwenda wodini. Wodi ndiyo iliyowafuata, ikaegesha mlangoni, na injini yake ya spiriti ya mabua ikabaki inanguruma ili kuzalisha umeme wa vyote vilivyomo.

Mngurumo huo wa gari lililosimama mafundi huuita sailensi, na sailensi ya gari la uzazi ilipaswa kutulia kama pumzi ya mtu aliyelala. Hii haikutulia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikaanguka hadi taa ya kitandani ikafifia.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mhandisi Remijia Kihwele, msimamizi wa magari ya hospitali, alikuwa amelileta gari pale kulipima mahali palepale lilipoharibikia. Nyuma yake alisimama mkunga Tulinagwe, amevaa kitenge. Sare alikuwa amenyang'anywa juma lililopita.

"Ilikuwa hivyohivyo," Tulinagwe alisema. "Taa ikafifia, kivutakamasi kikazima mkononi mwangu. Nikampulizia mtoto kwa mdomo. Nilimpulizia, mdogo wangu, mpaka mama yake akaniambia niache."

Mama huyo alikuwa Skolastika Sanga, na nyumba yake ilikuwa hapo ng'ambo ya barabara, mapazia yameshushwa. Hospitali ilitangaza kuwa mtoto alikufa kwa sababu mkunga alizembea. Kampuni iliyounda gari ilikuwa imeipima injini kutoka mbali, kwa mawimbi, ikajibu kwamba ni nzima na haina hitilafu yoyote. Remijia alipolisoma jibu hilo alihisi masikio yake yakipata moto, na moto huo haukuwa umepoa hadi leo.

Alianza na mambo ya kawaida. Alichomoa plagi, zilikuwa safi. Alinyunyizia maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa, maana mpira ukitoboka injini hunyonya hewa isiyopimwa na sailensi ikayumba. Hakuna tundu. Pampu ya spiriti ilisukuma vizuri. Kilango cha hewa hakikuwa na masizi. Kila alipomaliza jambo moja injini ilipanda na kushuka vilevile, kana kwamba inamcheka.

Aliagiza gari la pili liletwe apate kulinganisha. Lilipofika likaegeshwa ubavuni mwa la kwanza, likaachwa linanguruma. Kwa muda lilikuwa tulivu. Kisha likaanza kuyumba nalo.

"Nyamaza kidogo, dada," Remijia alisema, ingawa Tulinagwe hakuwa amesema kitu.

Alisimama katikati ya magari mawili, mkono mmoja juu ya kila boneti. Yalipanda pamoja. Yalishuka pamoja. Injini mbili haziugui kwa sekunde ileile. Zilikuwa zinaamrishwa na mtu mmoja.

Alipanda kwenye paa la gari la kwanza, akashika waya wa antena, akaung'oa. Sailensi ikatulia papo hapo. Gari la pili likaendelea kuyumba peke yake.

Alishuka, akaelekea ofisini kwa kampuni iliyounda magari hayo.

Mhandisi Ladislausi Chengula aliongoza ofisi ya kampuni hiyo mjini. Walisoma darasa moja chuoni. Alimkaribisha Remijia kwa jina lake la utani la zamani, lakini Remijia akaingia moja kwa moja kwenye swali lake.

"Magari yetu yanafanya kazi gani yakiwa yamesimama?" aliuliza.

Ladislausi alitazama mlango, kisha akaona hakuna haja. "Ubongo wa gari lile, yaani kompyuta yake, una nguvu nyingi, Remi. Unasoma mapigo ya mama, unampiga mtoto picha tumboni. Lakini muda mwingi haufanyi lolote. Kwa hiyo tunaukodisha kwa wenye mahesabu yao. Usinitazame hivyo, mkataba unaruhusu. Bila kuukodisha, hospitali yenu isingemudu hata robo ya magari hayo. Ni akina mama wangapi wamejifungua salama kwa sababu hiyo?"

"Ubongo ukifikiri sana unakula umeme."

"Kiasi."

"Umeme ukiliwa, injini inahangaika kuufidia. Ndiyo sailensi inayoyumba. Ulilijua hilo mlipotuandikia kwamba gari ni zima."

"Injini ni nzima. Hatukusema uongo."

Remijia aliweka viganja vyote viwili mezani ili visije vikafanya kitu kingine. "Siku ile mlimkodishia nani?"

"Hilo lina faida gani sasa?"

"Nimekuuliza."

Akamwambia. Sauti yake ilishuka alipokuwa akisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Kisha akaongeza haraka kwamba marekebisho yangetumwa kwenye magari yote na tatizo lisingetokea tena.

"Na Tulinagwe?"

"Tukimsafisha yeye, watauliza basi ni nani." Alikohoa. "Yeye atapata kazi nyingine. Kampuni inaweza kumsaidia."

Remijia alitoka bila kuaga. Alirudi hospitalini na kung'oa antena za magari yote, moja baada ya nyingine, mbele ya mkurugenzi aliyemkumbusha mkataba na kumwambia kuwa asubuhi asije kazini. Alimsikiliza huku akiendelea kufungua skrubu. Kisha akamchukua Tulinagwe, wakaenda Kihesa.

Skolastika alifungua mlango, akamtazama mkunga. "Huyu abaki nje."

Tulinagwe akabaki kibarazani. Ndani, mume wa Skolastika alikuwa amekaa na mama yake mzee. Remijia aliwaamkia, akaeleza yote bila kuzunguka: injini, umeme, ubongo uliokodishwa.

Skolastika alikunja kanga yake magotini, akaikunjua. "Kwa hiyo mwanangu alipokosa hewa, lile gari lilikuwa linafikiria kitu kingine."

"Ndiyo."

"Lilikuwa linafikiria nini?"

Remijia alitamani ingekuwa dawa, au vita, au mvua ya nchi fulani. "Viatu," alisema. "Kuna duka la mbali. Mtu akitaka kununua kiatu, anaonyeshwa picha ya mguu wake ukiwa umekivaa. Siku ile walikuwa wanapunguza bei, wateja wakawa wengi. Gari lilikuwa linawavisha viatu kwenye picha."

Mume akasimama, akaufuata ukuta, akauegemea kwa paji la uso. Bibi aliuliza kama amesikia vizuri.

Skolastika alikwenda mlangoni, akaufungua wazi. "Dada, ingia," alimwambia Tulinagwe. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akatoka uani, akaita majirani kwa majina, nyumba kwa nyumba, mpaka sebule ikajaa na wengine wakasimama madirishani. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu.

"Rudia," alimwambia Remijia. "Sema kwa sauti. Anza na viatu."