Babu Alijibu kwa Niaba Yangu

"Damaris, fungua mlango kabla sijauvunja."

Muziki wa tresi ukakatika ndani. Mdogo wangu akafungua, jasho linamtiririka, na nyuma yake, kwenye ukingo wa kitanda, alikuwa amekaa Osmel Quiala, mchumba wangu wa miaka minne.

Wiki tatu nzima Osmel alikuwa amenipoa. Akija kwenye mazoezi hunisalimia kama mpangaji anavyomsalimia mwenye nyumba. Nikajiambia kuna mwanamke. Sasa nikaona nimempata, na ni damu yangu.

Sitayarudia yote niliyosema. Ulimi wangu hauna breki, mtaa mzima wa Tivolí unajua. Damaris alilia, lakini hakujitetea. Alichukua tresi, ile gitaa yetu ndogo ya nyuzi mbili mbili, akapiga kipande kimoja cha ule wimbo wa marehemu baba yake babu tunaofungia dansi.

Nikamtazama vidole.

Osmel, mpiga tresi wa bendi yetu, alivunjika kidole kidogo utotoni akicheza besiboli, kikaunga vibaya. Kwa hiyo noti ya mwisho kwake huchelewa kidogo, na mji wetu mzima wa Santiago unampendea hapohapo. Damaris vidole vyake ni vizima. Lakini na yeye alichelewa, kiasi kilekile.

Bendi yetu ya ukoo wa Barbán ina vizazi vinne sasa, na ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Mtu hamfundishi mwenzake nafasi yake ila anapoondoka. Baba alimfundisha binamu yangu besi mwezi ule daktari alipomkatia tamaa. Sisi tunajua maana ya somo la namna hiyo.

"Kwa hiyo unakwenda," nikamwambia Osmel.

"Jumatatu. Naenda kupiga muziki Valencia, ng'ambo. Nereida, babu yako aliniambia..."

"Mwache babu yangu. Mdomo ni wako. Miaka minne umeutumia vizuri tu kunibusu, umeshindwa kuutumia kuniaga?"

Akainuka. "Nisikilize basi."

"Nenda ukasikilizwe huko uendako."

Nikavua pete, nikaiweka juu ya kiti cha Damaris, nikatoka. Nikaizuia namba yake kwenye simu. Alikuja nyumbani mara mbili, nikamwagiza mama mdogo aseme nimelala, saa nne asubuhi. Kiburi kilinipa raha ya siku tatu. Nisiseme uongo, ilikuwa raha.

Jumapili mchana tukapiga dansi yetu ya kawaida uani, watu wamejaa hadi kwenye ngazi za barabarani. Anayeondoka kwetu haagwi kwa hotuba. Wimbo unapofika mahali pa kuitikiana, anaivua ala yake huku muziki unaendelea, anamkabidhi aliyemfundisha, na pigo lisikatike. Kisha anatoka. Wimbo haumngoji.

Na hapo mwimbaji hutunga beti papo hapo za kumuaga. Mwimbaji ni mimi. Watu walinitazama wakitegemea machozi. Nikampa huu:

"Nenda, bwana, nenda zako,
huku hatukosi mtu,
na hicho kidole chako
hakina thamani kwetu."

Ua mzima ulicheka. Wazee wakapiga makofi. Osmel alimvisha Damaris mkanda wa tresi, Damaris akaidaka noti bila kuyumba, na yeye akapita katikati ya wachezaji, kichwa chini. Mlangoni alisimama kidogo. Mimi nikageukia upande wa pili na kuwaomba waitikiaji wapandishe sauti.

Jumatano, nikiwa nachambua mchele, ujumbe ukaingia kwenye simu. Namba ya ng'ambo.

"Nereida, ni mimi. Nimefika salama. Ubeti ule umeniuma, sikufichi. Wewe ulipokataa kuja nami, sikukutukana mbele ya watu."

Niliusoma ujumbe mara tatu. Mchele ukamwagika, sikuuokota. Nikampigia.

"Osmel, nilikataa nini?"

"Nereida, tusianze upya."

"Nakuuliza. Nilikataa nini?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Mwaliko ulikuwa wa watu wawili. Mpiga tresi na mwimbaji. Nilikwenda kwa babu yako kwanza, kama ilivyo adabu kwenu. Akasema niache, ataongea na wewe mwenyewe. Siku ya tatu akaniita. Akasema umelia sana, umekataa, na unaomba nisikuulize tena maana utaumia."

"Hakuna aliyeniambia kitu."



"Hata Damaris aliambiwa hivyo," akasema. "Ndiyo maana tulijificha kufundishana. Tulikuwa tunakuonea huruma. Siku ile chumbani nilitaka kukuuliza kwa mdomo wangu."

"Nikakukatiza."

"Ukanikatiza."

"Nafasi bado ipo?"

"Wamempa msichana mwimbaji kutoka Holguín. Alifika jana." Akaendelea. "Nina mkataba wa miaka miwili. Nyumba ya mama nimeshaiuza nipate nauli. Nereida, sina hata mahali pa kurudi."

Nililia bila kujificha. Na yeye alilia. Hatukuwa na la kuahidiana, tukaagana kama watu waliofiwa.

Babu Leoncio alikuwa uani, anakaza ngozi ya bongo, zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, juu ya moto mdogo. Ana miaka themanini na sita. Nikasimama mbele yake.

"Nimezungumza na Osmel."

Hakuuliza amesema nini. Aliiweka bongo chini taratibu.

"Wapiga tresi hufundishika, mjukuu wangu. Umeona mwenyewe. Sauti yako nitamfundisha nani? Baba yangu aliniachia watu saba. Ungekwenda wewe, wangebaki sita na mzee. Ningeizika bendi kwa mikono hii."

"Kwa hiyo ukajibu wewe."

"Nilikuwa naogopa."

"Ungeniuliza, Babu. Labda ningebaki."

Akainua uso kwa haraka, na nikaona jinsi alivyoling'ang'ania neno hilo. "Ungebaki?"

"Sijui." Nikatikisa kichwa. "Usiku ungenipata nalia, asubuhi ningekwambia ndiyo au hapana. Ingekuwa yangu. Sasa sijui, na sitajua mpaka naingia kaburini. Mwanamume nimempoteza, na hata kusema nilimtoa sadaka kwa ajili yenu siwezi, maana sikutoa. Nilichukuliwa."

Alinyoosha mkono kunishika. Niliuacha hewani. Najuta kidogo, maana mkono ule unatetemeka siku hizi, lakini niliuacha.

Nimebaki. Sikuwa na pengine pa kwenda. Jumapili tunapiga, Damaris amekuwa hodari, na ile noti ya mwisho anaichelewesha vilevile hata ninapomwomba asiicheleweshe. Dansi ikiisha, wageni humwendea babu, humpa mkono, humwambia ana bahati kuwa na mjukuu aliyekataa kuwaacha watu wake.

Babu hunitazama. Mimi hukunja waya wa kipaza sauti, namwachia awajibu yeye.