Sauti Ndani ya Mtende wa Wageni

Kila siku alipotoka shule, Ghalia alipita nyumbani kuchukua kikapu cha mkate na chupa ya maziwa ya mgando, akampelekea baba yake shambani. Njia ilipita katikati ya mitende ya oasisi ya Ain Tarfa, kando ya mfereji. Ilikuwa Oktoba, tende zilikaribia kuvunwa, na kila shada lilikuwa limevikwa mfuko wa plastiki ili mvua isilioze. Upepo ukipita, mifuko ile ilijaa na kunywea, ikajaa na kunywea, kama watu waliofunikwa vichwa wanaohangaika kupumua. Ghalia aliizoea tangu utotoni. Hata hivyo hakupenda kuitazama sana.

Njiani palikuwa na nyumba nyeupe yenye mnyororo getini. Hicho kilikuwa kituo cha utafiti wa mitende. Daktari Salwa na wenzake walichoma sindano za chuma katika mashina, wakazifunga waya, na waya zikaenda mpaka kwenye kisanduku chenye spika. Walikuwa wakimsikiliza fukusi mwekundu, mdudu aliyekwisha kuua mitende mingi ya mapambo huko mji mkuu. Mdudu huyo hagusi majani. Buu wake hula moyo wa mti kimyakimya, na mti hubaki umesimama, kijani kibichi, mpaka siku unapoanguka.

Kabla ya kiangazi, redio ilitangaza kwamba nchi inabana matumizi. Fedha za utafiti zikapunguzwa na kituo kikafungwa. Waliokata fedha hizo hawakuwahi kupanda mtende hata mmoja. Hawakuja kuuliza. Walikata kama walivyokata zahanati, na kabla ya zahanati, basi la wanafunzi.

Jambo baya zaidi ni kwamba watu wa Ain Tarfa walicheka. Mkahawani wanaume waliendelea kugonga karata mezani.

"Walikuwa wakilipwa kusikiliza miti," alisema Ami Hedi, mdogo wake baba yake Ghalia. "Mimi pia nitawasikiliza kuku wangu, nipewe mshahara."

Bibi Mabruka, mama yao, peke yake ndiye aliyekasirika.

"Mwaka ule walipopandisha bei ya mkate walisema hivihivi, kwamba nchi haina fedha," alisema huku akichambua dengu. "Sisi wa kusini tulitoka barabarani kabla mji mkuu haujaamka. Leo wanatunyang'anya daktari wa mitende, na ninyi mnachanganya karata."

"Mama, mkate ni mkate," Hedi alijibu. "Nani ataandamana kwa ajili ya mdudu ambaye hajawahi kumwona?"

Basi kituo kikafungwa. Waya zilibaki mashinani, kwa kuwa hakuna aliyelipwa kuzitoa, na paneli ya jua juu ya paa iliendelea kukilisha umeme kile kisanduku. Kiangazi chote kilipita kimya.

Mchana mmoja wa Oktoba, Ghalia akiwa na jirani yake Shedli, alisikia mtu anakula ndani ya nyumba ile.

Walisimama. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa tupu. Sauti ilitoka dirishani: karu, karu, karu, kama meno yanayovunja mkate mkavu polepole, bila njaa na bila haraka.

"Ni jini," Shedli alinong'ona. "Linakula mafaili."

"Tangu lini jini likala saa nane mchana?"

"Kwani lina ratiba ya shule?"

Ghalia alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka. Alipanda juu ya jiwe, akachungulia. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Koti jeupe la Daktari Salwa lilining'inia kwenye msumari, limejaa vumbi mabegani. Hapakuwa na mtu. Pembeni, juu ya kisanduku, taa ndogo nyekundu iliwaka kando ya waya mmoja wa manjano, na spika ilikuwa ikitafuna.

Shedli alikuwa amekwisha kukimbia.

Ghalia aliufuata ule waya. Ulitoka ukutani, ukashuka kando ya mfereji, ukapita chini ya ua wa makuti. Kila alipopiga hatua alitamani ukunje kona, uelekee kwa mtu mwingine. Haukukunja. Uliingia shambani kwao na kuishia kwenye Mtende wa Wageni.

Waliuita hivyo kwa sababu huo ndio baba yake alioukata kileleni kila alipokuja mgeni wa heshima, ili kukinga lagmi, maji matamu ya mtende. Mara ya mwisho ilikuwa majira ya kuchipua, Ami Hedi aliporudi kutoka mji mkuu na lori. Ndani ya lori, chini ya magodoro, alikuwa ameficha mtende mnene wa mapambo ili aupande mbele ya nyumba yake mpya. Sheria inakataza kuleta mtende kutoka nje ya oasisi. Hedi alisimulia jinsi alivyowapita askari barabarani, na wote walicheka, Ghalia naye, huku wakinywa lagmi. Jeraha la mtende lilitoa harufu tamu siku nyingi. Daktari Salwa aliwahi kuwaeleza wanafunzi kwamba harufu ya namna hiyo humwita fukusi kutoka mbali.

Ghalia aliweka kiganja juu ya shina. Lilikuwa la moto. Si moto wa jua, maana upande ule ulikuwa kivulini. Lilikuwa na joto kama shingo ya mtu mwenye homa. Akaweka sikio. Karu, karu, karu. Alipovuta pumzi sauti ilikoma, kana kwamba kilichokuwa ndani nacho kilikuwa kikimsikiliza. Kisha kikaendelea.

Baba yake, Lazhar, alimkuta pale. Naye aliweka sikio. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Umemwambia nani?"

"Shedli amesikia sauti kituoni, lakini hajui ni mtende gani."

"Basi nyamaza mpaka tuvune. Mnunuzi akisikia habari ya fukusi hatagusa hata tende moja ya shamba hili. Na ami yako atashtakiwa."

"Baba, fukusi wakikomaa wataruka. Watakwenda kwa wengine."

"Nimesema nyamaza, binti yangu." Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba.

Ghalia alinyamaza. Siku zile zilikuwa ngumu. Chakula hakikupita, kwa sababu kila aliyetafuna mezani alimkumbusha sauti ile. Habari za jini zilienea. Wanawake waliacha kupita njia ya kituo, na wanaume waliokuwa wakicheka mkahawani walizunguka mbali huku wakijifanya wana haraka. Ghalia alipopita mbele ya nyumba ya Ami Hedi aliona majani ya juu ya ule mtende mnene yamelala pande zote, kama mwavuli uliokaliwa. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema.

Kisha gari la serikali likaja. Ofisa mmoja kutoka mji mkuu alitumwa kuchukua mashine za kituo, maana nyumba ingeuzwa. Bibi Mabruka alipita mlango hadi mlango, na watu wakajaa getini, wengine kwa hasira, wengine kwa kutaka tu kuona jini likitolewa. Daktari Salwa naye alikuja. Alikuwa amepanda basi kwa nauli yake mwenyewe, akasimama kati ya watu akiwa amevaa viatu vya vumbi.

"Jamani," ofisa alisema kwa upole, "mnalilia nini? Yupo aliyemwona fukusi hapa?"

Watu walitazamana.

"Hayupo. Basi kituo cha kazi gani? Serikali ilipe watu wamsubiri mdudu asiyekuja?"

Baadhi waliitikia kwa vichwa. Upepo ukatulia, mifuko ya plastiki ikanywea yote kwa pamoja, na katika utulivu ule kila mtu akasikia. Karu, karu, karu.

Mama mmoja alimvuta mtoto wake. Ofisa alicheka kidogo. "Spika mbovu. Nitaizima sasa hivi."

"Ni waya upi?" Daktari Salwa aliuliza kwa haraka. "Niruhusu niingie niangalie. Ukiuchomoa hatutajua ni mti gani."

"Wewe si mfanyakazi wa hapa tena, dada."

Ofisa alifungua mnyororo. Ghalia alimtazama baba yake. Lazhar alikuwa akitazama chini. Alijua, na binti yake alijua, kwamba waya ule ukichomolewa siri yao ingebaki salama, na oasisi yote ingeliwa ikiwa imesimama. Ghalia alipiga hatua mbele.

"Spika si mbovu," alisema. "Huo ni mtende wetu. Waya wa manjano. Shina lina joto."

"Mtoto huyo amelishwa hadithi za majini," Ami Hedi alidakia.

"Ami, fukusi alitoka kwenye mtende wako, ule uliouleta chini ya magodoro. Samahani, lakini ndivyo."

Lazhar akasogea, akasimama kando ya binti yake.

"Amesema kweli, Hedi. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nileteeni shoka."

Wote walimfuata hadi shambani. Alipiga mara chache tu, na kilele kizima, majani na mashada, kikaangushwa na uzito wake. Ndani hamkuwa na mti. Mlikuwa na uji wa kahawia unaonuka uchachu, na ndani ya uji mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yakigeuza vichwa vyekundu kutafuta giza. Daktari Salwa aliokota vifuko vilivyosokotwa kwa nyuzi za mtende, ambamo buu hugeuka fukusi. Vingine vilikuwa vizito. Viwili vilikuwa vitupu.

"Hivi vitupu," Shedli aliuliza, "wenyewe wako wapi?"

Kila mtu aliinua macho kuelekea mtende wake.

Ofisa alirudi garini, bado akitaka kupakia mashine. Alikuta Bibi Mabruka ametandika busati barabarani na kukaa mbele ya magurudumu.

"Mama, nipishe."

"Pita, mwanangu. Mashine itabaki. Na ukifika huko waambie kwamba tumemwona."

Shedli na mama yake wakakaa. Wakafuata wanaume wa mkahawani, bila karata. Ofisa aliondoka mikono mitupu, lakini watu hawakutoka barabarani. Walikaa, wakapika hapohapo, watu wa oasisi jirani wakaja kukaa nao, mpaka wizara ilipokubali kwa shingo upande kurudisha fedha za kituo. Hazikurudi zote. Zilitosha kwa Daktari Salwa na msaidizi mmoja, nao wakaanza siku ileile.

Mtende wa Wageni, ule wa Hedi, na mitende mingine kadhaa ya jirani ilikatwakatwa na kuchomwa. Mingine ilidungwa dawa. Hedi alitozwa faini, akaomba radhi mbele ya watu, na yeye ndiye aliyebeba magogo motoni siku nzima bila kusaidiwa. Mnunuzi alikuja. Alisikia habari yote, akataka kugeuza lori. Daktari Salwa alimpitisha shambani na kumwonyesha mti kwa mti ulio mzima. Alinunua.

Jioni ya mwisho ya mavuno, Ghalia alikaa na Daktari Salwa kwenye ngazi ya kituo. Bado kulikuwa na jambo lililomsumbua.

"Daktari, mimi nilijua siku nyingi kabla sijasema. Kama ningesema mapema, vile vifuko viwili visingekuwa vitupu."

"Pengine," Daktari alisema. Hakumficha. "Sitakwambia kwamba haikudhuru. Lakini sikiliza, Ghalia. Siku walipofunga kituo hakuna aliyekufa, ndiyo maana watu walicheka. Hasara ya namna hii haipigi kelele. Serikali ilichagua kutosikia kwa sababu kusikiliza kuna gharama, na ninyi nyumbani mkachagua hivyohivyo kwa sababu ukweli una gharama. Ni kosa moja, limefanywa katika nyumba mbili. Wewe ulilisahihisha la kwenu mbele ya watu wote, tena ukiwa mdogo kuliko wote. Ukikua, usiwaachie wakubwa wa ofisini walifanye la kwao tena. Uliza. Dai. Na anayekwambia unyamaze kwanza mpaka jambo fulani liishe, mwulize nani atakayelipia ukimya huo."

Ghalia alionyesha upande wa shamba lao. "Baba amesema mwakani tutapanda miche mipya mahali palipoungua. Ataitoa humuhumu oasisini."

"Nitakuja na sindano zangu," Daktari alisema, akainuka kwenda kufunga dirisha.