Mshale Aliouchora Yun-zhen

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wa shule moja ya Tainan hushika mifagio. Wengine hufagia uwanja, wengine hudeki ngazi. Yun-zhen, kiranja wa darasa la sita, alikuwa amejipangia kazi aliyoipenda kuliko zote: kufunua boksi la viwavi wa hariri pale dirishani na kuwatazama wakila majani yao ya mforsadi.

Jumatatu ile alipofunua boksi, harufu mbaya ilimpiga puani. Viwavi wote walikuwa wamelegea juu ya majani, weusi, na hakuna hata mmoja aliyetikisika.

Majani yale aliyaleta yeye Ijumaa. Siku zote aliyachuma kwa mjomba wake, lakini ni mbali, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Basi akayachuma kwenye mti ulio nyuma ya hekalu, katika mtaa uliokuwa umepuliziwa dawa ya mbu kwa ajili ya homa ya dengi. Harufu ya dawa aliisikia. Akajiambia haitadhuru.

"Wamekufa?" aliuliza Bo-kai, ufagio ungali mkononi. Wenzake wakaja mbio.

Ulimi hauna mfupa. Kabla hajaulizwa lolote, Yun-zhen alisema, "Ijumaa ilikuwa zamu ya nani kuwalisha? Si ya Min-hui?"

Min-hui alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Mama yake ni mtu wa Vietnam aliyeolewa hapo mjini. Siku moja alipokuja kumchukua bintiye, aliwasimulia watoto kwamba kwao viwavi wa hariri hukaangwa vizuri na kuliwa na wali.

"Mimi niliwapa majani tu," Min-hui alisema.

"Labda ulikuwa unawaonja kama wameiva!" mtu akadakia nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Min-hui aliinama akaanza kudeki mahali palipokwisha dekiwa.

Mwalimu Kuo alipoingia, Yun-zhen alisimama akaomba Min-hui aondolewe kwenye zamu ya viwavi. Wengi waliitikia, "Aondolewe!"

Wiki hiyo walikuwa wakijifunza kupima hoja kwa kuzichora. Mwalimu akampa chaki. "Haya, kiranja, umeleta hoja. Ichore."

Yun-zhen alichora maduara matatu. Ndani yake akaandika: *Min-hui aliwalisha Ijumaa. Leo wamekufa. Kwao wanakula viwavi.* Kutoka kila duara akashusha mshale hadi duara la chini: *Min-hui amewaua.* Mishale yake ilinyooka vizuri, kwa maana katika somo hilo hakuwa na mpinzani.

"Tuanze na huu wa tatu," alisema Mwalimu. "Kati ya kula viwavi na kuua hawa wetu kuna mto. Wewe umevuka kwa daraja gani?" Akachora duara la nukta nukta kando ya mshale. "Humu tunaweka lile ambalo msemaji hakulitamka, lakini bila hilo hoja haisimami. Lijaze."

Chaki ilimlemea Yun-zhen. Maneno aliyajua, ila kuyaona yakiandikwa kwa mkono wake kulimfanya atamani ardhi immeze. Akaandika kwa herufi ndogo: *Anayekula mnyama hawezi kumtunza.*

Bo-kai akainua mkono. "Mwalimu, hiyo si kweli! Bibi yangu anafuga mabata. Anawaimbia, anawapa majina, bata akiugua bibi halali. Na mwaka mpya tunamla."

"Bibi halii?" Mwalimu aliuliza.

"Analia sana, lakini paja hamwachii mtu!"

Walicheka, na safari hii hata Min-hui alitabasamu. Mwalimu akafuta duara la nukta nukta pamoja na mshale wake. "Imebaki kwamba aliwalisha, kisha wakafa. Ijumaa mimi nilifunga dirisha, kisha wakafa. Je, nimewaua mimi?"

"Hapana!"

"Basi ni nini kingine kingeweza kuwaua?"

"Joto!"

"Dawa ya mbu, Mwalimu! Kule hekaluni walipulizia."

"Aa, lakini majani yalitoka kwa mjomba wa kiranja," Bo-kai alisema. "Huko hawakupulizia."

"Ni kweli," Min-hui akasema taratibu. "Majani ya Yun-zhen huwa mazuri siku zote."

Yun-zhen alihisi uso ukimwaka moto. Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi, na aliyemfungulia ni yule yule ambaye yeye alimsingizia. Aibu aliyoisikia hapo ilizidi hofu.

"Hayakutoka kwa mjomba," alisema, macho chini. "Niliyachuma hekaluni. Nilisikia harufu ya dawa, nikanyamaza."

"Ulijua tangu asubuhi?" Min-hui aliuliza.

"Nilijua. Nisamehe, Min-hui."

Min-hui akasema, "Nilikuwa nimeshaamua kumwambia mama asije tena kunichukua. Asionekane hapa shuleni."

Hapakuwa na aliyecheka. Wale waliopiga kelele "Aondolewe!" wakawa wanatazama madawati yao.

Mchana huo darasa la jirani liliwagawia viwavi wachanga. Yun-zhen aliomba kuchuma majani kwa mjomba wake kila siku, na Min-hui akabaki na zamu yake. "Msamaha nitakupa," alimwambia Yun-zhen, "ila si leo." Yun-zhen alikubali, maana hakuwa na haki ya kumharakisha.

Kabla ya kuwaruhusu, Mwalimu Kuo aliwaambia, "Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kiranja wenu hakukosa akili leo. Alikuwa nayo tele, akaitumia kujificha, na ninyi mkamfuata kwa sababu mishale yake imenyooka. Ukikosea hoja ya hesabu, utapoteza alama. Ukikosea hoja juu ya mtu, mtoto anamwonea haya mama yake mzazi."