Laptop ya Mke wa Fundi

— Fundi, habari za kazi? Nimeleta laptop.

Fundi aliinua uso kutoka kwenye printa aliyokuwa akiipuliza vumbi, akacheka.

— Mke wangu! Mbona umekaa kwenye benchi la wateja? Pita huku ndani.

— Mke wako yuko nyumbani anasubiri kesho. Mimi leo ni mteja, na niko nyuma ya mama huyu.

Mama huyo, mwenye saluni ya jirani, alikuwa amefuata printa yake. Aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikamponyoka. Fundi naye kicheko kilimkauka.

— Haya, mteja. Inasumbua nini?

— Nikiiwasha, naosha vyombo, nakunja nguo, nakunywa chai. Nikirudi, kiduara bado kinazunguka. Nikifungua faili, inaganda. Mimi ni mfasiri, fundi, kazi yangu yote imo humu. Nimemlilia mume wangu, naye ni fundi kama wewe. Jibu lake ni lilelile: "Kesho, mpenzi."

— Jamani, tusiyafanyie haya mbele za watu, fundi alinong'ona.

— Nyumbani nimekosa pa kuyafanyia. Ukirudi umechoka, ukila unalala.

Kisha mke akashusha sauti.

— Kampuni ya tafsiri imenipa kazi. Mji mwingine. Ofisi ipo, kompyuta ipo, hadi chumba cha kuishi kipo. Wanataka jibu leo.

Bisibisi ilimdondoka fundi, ikabiringika chini ya meza. Hakuinama kuiokota.

— Unataka kuniacha kwa sababu ya laptop?

— Laptop si kitu. Shida ni foleni. Mji mzima unapita hapa unahudumiwa, mimi nimebaki mkiani. Nakupenda mpaka najionea huruma, lakini nimechoka kuwa mtu wa kesho.

Mama wa saluni akasimama taratibu, akajifunga vizuri mtandio wake.

— Baba, printa yangu haina haraka. Mhudumie mwenzio.

Alipotoka, alikigeuza mwenyewe kibao cha mlangoni, kikasomeka PAMEFUNGWA.

Fundi aliipokea laptop kwa mikono miwili. Akachukua bisibisi nyingine, akaifungua mgongo, skrubu baada ya skrubu, akachomoa diski.

— Mashine yenyewe nzima, alisema bila kumtazama. Kilichochoka ni hiki. Ndani kuna sahani inayozunguka, na sindano inayosaka vitu juu yake. Imezeeka, inatafuta faili kama mtu anayepapasa funguo gizani. Tutaweka SSD, diski ya kisasa. Yenyewe haina kinachozunguka. Ukiita kitu, kinaitika.

— Unayo?

— Nilinunua ya kompyuta yangu ya kazi. Hiyo itasubiri.

Mke alihama kutoka kwenye benchi, akavuta kigoda karibu na meza.

Fundi aliziunganisha diski zote mbili kwenye kompyuta ya dukani, akaanza kuhamisha. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye skrini. Ghafla diski ya zamani ikaanza kulia: tk, tk, tk. Mstari ukasimama.

— Nini hiyo?

— Inakata roho.

— Mungu wangu! Kitabu changu kimo humo!

— Kitabu gani?

Mke alimkazia macho, yakajaa machozi.

— Huoni sasa? Nimefasiri riwaya nzima humo nyumbani. Kazi ya kwanza itakayokuwa na jina langu kwenye jalada. Hukuwahi hata kuuliza.

Fundi akachomoa diski, akaipa nafasi ipoe, akabadilisha waya, akaichomeka tena.

— Nisimulie.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi. Mimi nahangaika na diski, wewe nisimulie kitabu.

Mke akaanza kwa kusitasita: mwanamke mpiga picha, dada yake aliyepotea, nyumba isiyo na madirisha. Fundi akauliza dada alikwenda wapi. Akauliza tena. Kufikia kisa cha mjomba mwongo, wote wawili walikuwa wanacheka, na hakuna aliyeona mstari wa kijani ulipoanza tena kutambaa.

— He! Tazama! Folda ya kazi imevuka!

— Yote?

— Yote, mke wangu. Mpaka mjomba wako mwongo.

Mengine yalifuata kwa kujikokota, lakini yalifika. Fundi akaipachika SSD, akakaza skrubu, akabonyeza kitufe. Mke alikuwa bado anasogeza kigoda, skrini ikawa imeshakaa tayari.

— Mbona haraka hivi? Wewe, hebu zima tena nione!

Fundi hakuzima. Alimshika mkono.

— Nisamehe. Nilijua huendi popote, ndiyo maana nikawa nakuweka kando.

— Hilo neno nimelingoja sana. Hata kama laptop ingekufa, lingenitosha.

Simu ya mke ikaita. Mkurugenzi wa kampuni ya tafsiri. Akaipokea, akaweka sauti ya wazi.

— Dada, tunasubiri jibu lako.

— Kazi naipenda, bosi. Ila naomba niifanyie nyumbani. Kama haiwezekani, nitawashukuru tu.

— Nyumbani? Si ulisema kompyuta yako haifai?

— Ilikuwa haifai. Mume wangu ameitengeneza.

Mkurugenzi akaguna.

— Basi anza na sura moja, tukuone. Ukienda vizuri, baki hukohuko.

Fundi aliinama haraka chini ya meza kama anayetafuta bisibisi ile iliyodondoka. Akakaa huko muda mrefu kuliko bisibisi ilivyohitaji, mpaka mke akainama naye, akamkuta anajifuta macho kwa kitambaa cha vumbi.

— Utaumia macho, wee, akamwambia, akampangusa kwa kiganja chake.