Maalim Hakwenda Pangani

Kila asubuhi Bi Mwaija alipika vitumbua barazani kwake, katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo. Mumewe, Maalim Mikdad, aliketi karibu naye na kumsomea alichoandika. Maalim alikuwa amefundisha historia chuoni kwa miaka thelathini. Alikuwa amestaafu, lakini kalamu yake ilikuwa bado kazini.

"Sikiliza hii," alisema Maalim. "Uchaguzi wenye jina moja tu kwenye karatasi si uchaguzi."

"Punguza sauti, baba Nasrin. Majirani watasikia."

"Imetoka gazetini tangu juzi, mke wangu. Wamekwisha kusikia."

Bi Mwaija alikuwa anageuza kitumbua. Mara gari jeupe likasimama mlangoni. Wakashuka wanaume watatu waliovaa nguo za kiraia. Mmoja akaonyesha kitambulisho cha polisi, akakirudisha mfukoni upesi.

"Maalim, tunakuhitaji kwa mahojiano mafupi."

"Kwa kosa gani?"

"Utaambiwa huko huko."

Wakamwingiza garini, wakaondoka naye. Vitumbua vikaungua.

Maalim hakurudi siku ile. Siku ya pili pia hakurudi. Dada yake, Bi Sikuzani, alikuja akafunga mlango kwa komeo.

"Wifi, tusitiriane," alisema. "Katika ukoo wetu hajapata kukamatwa mtu. Ukiulizwa, sema amesafiri."

Bi Mwaija alikubali. Ndivyo walivyolelewa. Mambo ya nyumbani hayasemwi barazani. Waliketi ukumbini wakasoma Yasini kwa sauti ya chini.

Tatizo ni kwamba hawakupatana Maalim amesafiri kwenda wapi. Bi Mwaija alimwambia Haidar, dereva wa bajaji, kuwa mumewe yuko Pangani. Bi Sikuzani alimwambia mwalimu wa madrasa kuwa yuko Ubena. Nasrin, binti yao, alipoulizwa na muuza nazi, alibabaika. Akasema baba amelazwa hospitali.

Siku ya nne, Bi Mwaija alivaa baibui akaenda kituoni. Askari wa zamu alifungua daftari.

"Jina hilo halimo humu, mama. Na mbona watu wanasema mzee yuko Pangani? Msubiri, atarudi."

Bi Mwaija alitoka nje. Neno alilolisema yeye mwenyewe ndilo lililomfungia mlango. Kama Maalim yuko Pangani, nani atamtafuta mahabusu?

Hakurudi kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Chausiku. Chausiku alikuwa msaidizi wa kisheria. Alipata mafunzo, na aliwasaidia watu bila malipo.

"Hodi."

"Karibu, shoga. Maalim hajambo? Yuko Pangani, Ubena, au hospitali?"

Bi Mwaija alifungua kinywa ajibu. Akaanza kulia.

"Shoga, Maalim amekamatwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtaa mzima tunajua. Haidar alirudisha bajaji nyuma ili gari lao lipite. Mliposema Pangani, na sisi tukasema Pangani. Tulikuwa tunakustahi."

"Siku nne mnanitazama nikiongopa?"

"Tena huna kipaji cha uongo. Wifi yako anakushinda mbali."

Bi Mwaija alicheka huku machozi yanamtoka. Chausiku akampa maji. Kisha akasema naye polepole.

"Sasa sikiliza. Mtu kuwa na maoni yake si kosa. Katiba inampa haki ya kuyasema. Na mtu akikamatwa, lazima aambiwe kosa lake. Ndani ya saa ishirini na nne apewe dhamana au apelekwe mahakamani."

"Hii ni siku ya nne."

"Basi wamevunja sheria. Hata polisi wanaye aliye juu yao, naye ni mahakama."

"Lakini wanasema hawanaye."

"Ndiyo maana tunataka mashahidi. Wakili ataiomba Mahakama Kuu kule Dar es Salaam iwaamuru wamlete Maalim mbele ya jaji. Jaji atauliza, nani alimwona akichukuliwa? Hapo anayesema Pangani hatufai. Unahitaji kula kiapo kwamba ulimwona. Jina lako litaandikwa."

Bi Mwaija aliogopa. Halafu akauliza, "Naapa wapi?"

Alasiri watu wakakusanyika ukumbini kwake. Haidar alileta namba ya gari. Alikuwa ameiandika kwenye simu yake siku ile ile.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Uliponiambia yuko Pangani, nilidhani macho yangu ndiyo yenye makosa."

Watu wakacheka, isipokuwa Bi Sikuzani. "Kwa hiyo tunaitangaza aibu yetu hadi Dar es Salaam," alisema.

"Bi Sikuzani, shikamoo," alisema Chausiku. "Kaka yako ameiba?"

"Marahaba. Hajaiba."

"Amempiga mtu?"

"Yule? Hata paka humpisha njia."

"Basi aibu ni ya nani?"

Bi Sikuzani alinyoosha mtandio wake kwa muda mrefu. "Niandikeni na mimi," alisema. "Nilikuwa nakuja kuchukua vitumbua. Niliwaona kutoka pale pembeni."

Chausiku aliwapeleka kwa wakili Naila. Naila aliandika hati za kiapo. Alimsomea kila mtu maneno yake kabla hajaweka sahihi. Bi Mwaija aliandika jina lake kamili.

Baada ya siku tano jaji alitoa amri, na Maalim akaletwa. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa. Jaji aliuliza mtu huyu anashtakiwa kwa kosa gani. Hakuna aliyekuwa na hati ya mashtaka. Jaji akaamuru aachiwe siku hiyo hiyo.

Bagamoyo walipokelewa kwa vigelegele. Sufuria la pilau lilikuwa jikoni tangu saa nne. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alimvuta Chausiku pembeni. Mwanawe alikuwa mahabusu siku ya tatu, na yeye alikuwa amesema kijana yuko shamba. "Nieleze na mimi hiyo ya saa ishirini na nne," alisema.

"Maalim, mbona umekonda hivyo?" aliuliza Haidar.

"Wali wa kule hawautii nazi, bwana."

Watu walicheka. Maalim alimgeukia mkewe, akateremsha sauti.

"Nimekutia taabuni, mama Nasrin. Nadhani sasa niache kuandika. Wewe ulinionya siku nyingi."

Bi Mwaija aliweka sinia chini. Baraza lilikuwa limejaa, na watu wengine walisimama hadi barabarani. Hakuteremsha sauti.

"Baba Nasrin, nilipokuwa nakwambia upunguze sauti, sikumaanisha kwamba umekosea. Nilimaanisha kwamba naogopa kukukosa. Ulichoandika ni kweli. Na mimi ndivyo ninavyoona, tangu siku ya kwanza."