Tafuta Nusu, Leta Robo

Upepo uling'oa paa la shule. Mpaka litengenezwe, watoto walisoma nyumbani kwa simu. Kila asubuhi Mwalimu wa hesabu alikaa jikoni kwake, akaegemeza simu kwenye birika, akaanza kufundisha. Alifundisha kwa moyo wake wote, lakini ilikuwa kama kuhutubia ukuta.

"Sehemu mmezielewa?" aliuliza.

Kwenye kioo cha simu aliona visanduku vyeusi tu, vya watoto waliozima kamera. Siku moja kisanduku kimoja kilijibu, naye akafurahi. Kumbe ni jogoo aliyewika. Mwenye simu alikuwa ameiacha uani, akaenda zake kucheza.

Mkuu wa shule akampigia. "Mwalimu, watoto wako wanapungua. Ijumaa nitaingia darasani. Nikikuta hali ni hii hii, nalifunga. Watarudia mwaka."

Mwalimu aliwapenda watoto wale, na hakutaka warudie mwaka kwa sababu yake.

Wifi yake, dada wa mumewe, alifundisha wauguzi kwa mtandao. Alikuwa na maneno mengi, lakini kazi yake aliijua. Akaja, akasikiliza kipindi huku akimenya vitunguu.

"Wifi, hata mimi nimesinzia," alisema. "Na vitunguu hivi vinaniwasha macho."

"Nisaidie basi, utanicheka baadaye."

"Wape mchezo."

Siku ya pili Mwalimu akawapa maswali. Wa kwanza kujibu alipata alama. Watoto wawili walishangilia. Wengine mtandao wao ulisuasua, maswali yakawafikia wenzao wamekwisha kujibu. Kesho yake darasa likapungua zaidi.

"Umeniponza, wifi," alilalamika.

"Wewe hukuwapa mchezo, uliwapa mbio. Katika mbio za simu, mwenye mtandao mzuri ndiye mshindi."

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta mchezo mfupi ambao kila mtoto anauweza, hata mwenye simu ya kuazima. Somo liwe ndani ya mchezo, wasicheze tu. Tena wainue kwenye viti. Nani kakwambia kusoma ni kukaa kama gunia?"

Ijumaa ikafika.

"Leo tunasaka," aliwaambia watoto. "Leteni kitu chochote cha nyumbani kilichobaki nusu au robo. Mtueleze mmejuaje. Asiyeweza kufungua kamera aandike."

Nyumba zikachangamka. Mmoja alileta ndala moja. "Ni nusu ya jozi. Nyingine kala mbwa." Mwingine aliandika kuhusu mche wa sabuni waliougawa vipande vinne, sasa kimebaki kimoja. Kisha msichana waliyemwita Kidoti akamvuta bibi yake mbele ya kamera.

"Meno ya mtu mzima ni thelathini na mawili," alisema. "Bibi amebakiwa na manane. Hiyo ni robo."

"Na robo hiyo inatafuna," bibi akaongeza.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akajikaza, akauliza, "Na Mkuu wetu ametuletea nini?"

Mkuu alikuwa amejificha kwenye kisanduku chake. Akajitokeza na glasi ya maji. "Hii ni nusu."

"Umejuaje?" watoto wakauliza kwa pamoja.

Mkuu akaenda kutafuta rula. Glasi ilikuwa na kina cha sentimita kumi, na maji sentimita nne.

"Basi si nusu," Kidoti alisema kwa adabu. "Shikamoo, Mkuu. Ni sehemu mbili kati ya tano."

Mkuu akakohoa. Mwalimu akashika meza.

"Jumatatu darasa hili litaendelea kama kawaida," Mkuu alisema. "Ila mniambie mapema tutasaka nini. Sitaki kuaibika tena."

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwaka ule hakuna mtoto wake hata mmoja aliyerudia darasa.